Mizani Iliyolala Sawa

Bi Tang Suhua alikuwa ameinamia meza ya duka la dawa, mkono wa kushoto umening'iniza mizani, mkono wa kulia unatafuta kitambaa mfukoni, ndipo alipopiga chafya. Chafya ile ilimgeuza kichwa ukutani, na kwa pembe ya jicho akaona mkia wa ufito wa mizani umesimama juu kama mkia wa mbuzi aliyeona majani.

Akapangusa pua, akaiangalia tena mizani, safari hii uso kwa uso. Ufito ulikuwa umelala sawa, umetulia kama maji ndani ya bakuli.

Akageuka ukutani. Mkia juu. Akaangalia mbele. Umelala. Akafanya hivyo mara nne, na kila mara mambo yakawa yale yale, mpaka shingo ikamuuma na jasho likaanza kumtoka kwapani, ingawa ilikuwa asubuhi ya baridi na ukungu ulikuwa haujapanda kutoka bondeni.

Mizani yenyewe ni kitu kidogo cha kushika kwa vidole. Ina ufito wa mfupa, mwembamba kama kijiti cha kulia wali. Upande mmoja kuna sahani ya shaba, upande wa pili kuna jiwe la shaba lililofungwa uzi, na uzi huo hutelezeshwa juu ya nukta za fedha zilizopigiliwa kwenye mfupa. Ukiuweka uzi kwenye nukta ya tatu, ukatia dawa sahanini, ufito ukalala sawa, basi hiyo ni gramu tatu. Mkia ukishuka, dawa imepungua. Mkia ukiinuka, dawa imezidi. Wauza nyama wa mji ule wa Qingmuwan hupenda kumwinulia mteja mkia ili aone wao si wachoyo. Muuza dawa akimwinulia mtu mkia, pengine kesho akamzika.

Na sahanini, asubuhi ile, kulikuwa na vipande vya fuzi, mzizi mweusi wa milimani unaotia joto kwenye viungo vya wazee na unaoua kama haukupimwa wala kuchemshwa inavyopasa. Kwenye kona ya duka ilikuwepo mizani ya umeme, kubwa, yenye sauti ya kike, inayopima maua na magome na kila kitu kisicho na madhara. Lakini sumu hupimwa kwa mkono wa mtu mwenye cheti. Ndivyo sheria ilivyosema tangu zamani za mama yake, mashine zilipoanza kufanya kila kazi: mtu akifa lazima awepo wa kushtakiwa, na mashine haishtakiwi. Bi Tang alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na cheti chake kilikuwa ukutani, kimepigwa fremu, karibu na kalenda.

Aliweka mizani chini polepole. Alijua ni nini. Hakutaka kujua, lakini alijua.

Kiraka.

Mwaka uliopita shimo lilikuwa limemtoboka katikati ya jicho la kulia, kisha la kushoto, kama linavyowatoboka wazee wengi: pembeni unaona vizuri, nyuzi za mkeka unazihesabu, lakini popote unapoelekeza jicho ndipo panapopotea. Ukimtazama mtu unaona masikio na nywele, uso hakuna. Wachina wa zamani walilificha shimo hilo kwa kusema wamechoka. Wa siku hizi walikuwa na kiraka. Ni utando mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu, unaobandikwa nyuma ya jicho, juu ya mahali palipokufa. Una punje zisizohesabika zinazoonja mwanga kandokando ya shimo, zikakisia katikati pana nini kwa kufuata mambo yalivyo kwa kawaida, zikampelekea mtu kisio lile kana kwamba ameliona. Mwezi wa kwanza Bi Tang aliona nyuso kama zimepakwa unga. Mwezi wa tatu alikuwa anahesabu mikunjo kwenye mapaji ya majirani na kuwatania.

Miezi minane sasa. Siku baada ya siku kiraka kilikuwa kimeuona ufito ukiishia kulala sawa. Kikakariri. Na Bi Tang, kwa mazoea ya miaka arobaini na minne, hushika dawa kwanza kwa vidole vitatu, kwa wingi kidogo, kisha hupunguza mpaka ufito ulale. Sasa ufito ulikuwa ukilala wenyewe, mapema. Alikuwa hapunguzi.

Akafungua daftari la sumu, akaligeuzia kichwa pembeni kama kuku. Jina la mwisho lilikuwa la saa moja asubuhi ile ile. Deng Shulan, miaka sabini na minne, moyo dhaifu. Gramu tatu, na daktari alikuwa amepigia mstari: zisizidi.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tatu. Bi Tang alitoka na aproni yake kiunoni, akaacha mlango wazi.

*

Mume wa Shulan, mzee Peng Zhaolin, alikuwa kinyozi na msafisha masikio, na kazi yake aliifanyia barazani, ngazi mia na ishirini chini ya duka. Alikuwa na mteja kitini, kichwa kimelazwa pembeni, na yeye Peng ameshika ule ufagio wake wa manyoya ya bata usiozidi unene wa unyasi, anauzungusha ndani ya sikio la mtu kwa utulivu wa mtu anayekoroga chai. Alipomwona Bi Tang anashuka mbiombio akamwambia mteja wake asitikisike, kisha akapaza sauti.

"Dada Tang, punguza mwendo. Meno yatakutangulia."

Bi Tang aliuliza dawa iko wapi, akapita kabla ya jibu. Jikoni chungu kilikuwa kimeipuliwa, kimefunikwa kwa sahani. Akachovya kijiko, akaweka tone kwenye ncha ya ulimi, akasubiri.

Fuzi haiaminiwi kwa saa. Inaaminiwa kwa ulimi. Mpishi huionja kwanza yeye, na ulimi ukifa ganzi anarudisha chungu motoni, hata kama ni mara tano. Ulimi wa Bi Tang ulikufa ganzi kabla hajahesabu kumi, kisha midomo, kisha akawa hajui kama mate yanamtoka au hayamtoki.

Peng alikuwa ameingia nyuma yake. Bi Tang, kwa ulimi mzito, akamuuliza kama alionja. Alionja, akasema, mara mbili. Ulimi ulikuwa na ganzi kidogo, lakini alikuwa ametoka kula tambi zake za asubuhi, na tambi za Peng kila mtu anazijua: pilipili ya milimani konzi nzima, ile inayotetemesha midomo mpaka mtu anaongea kama ana nyuki mdomoni. Akadhani ganzi ni ya pilipili.

"Amekunywa?"

"Nusu kikombe. Anasema anajisikia joto zuri."

Shulan alikuwa amekaa kitandani, shali mabegani, anacheka kidogo. Alisema sisimizi wanamtembea midomoni. Alisema vidole vyake vimekwenda wapi. Bi Tang akamshika kifundo cha mkono, na mapigo aliyoyasikia pale yalikuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani: mawili haraka, moja hakuna, matatu haraka, tena hakuna.

Gari la zahanati lilipanda lenyewe kama kawaida yake, bila dereva, likilia kama jogoo. Daktari aliongea kutoka kwenye kioo cha gari huku mikono ya mpira ikimchoma Shulan sindano na kumbandika nyaya kifuani. Aliuliza gramu ngapi. Bi Tang alifungua mdomo, na kabla neno halijatoka Peng akasema ni yeye aliyekosea. Ni yeye aliyeipua chungu mapema. Ana haraka, ndivyo alivyo tangu ujana, muulizeni mke wake. Daktari akamgombeza kama mtoto wa shule, naye akainamisha kichwa, akakubali yote.

Mpaka saa sita mapigo yalikuwa yametulia. Shulan alilala mdomo wazi, na Peng akamvuta Bi Tang barazani, karibu na kiti cha kunyolea ambacho mteja alishakikimbia.

Hakumuuliza kilichotokea. Alichosema ni kwamba na yeye anacho, kiraka, tangu mwaka juzi. Na mwezi uliopita alimkata mtu chini ya kidevu, mahali alipopaona pakavu na peupe, akaona damu inatokea pasipo na jeraha. Akamdanganya mteja kuwa ana chunusi.

"Wahesabu macho wa serikali wako ukumbini mpaka kesho," alisema. "Ukienda kusema, watazima viraka vya kila mtu. Mwenye shimo haruhusiwi kushika sumu, wala wembe, wala usukani. Mimi nitakaa hapa nifanye nini, dada? Nihesabu nzi?"

"Mkeo nusura afe, Zhaolin."

"Mke wangu. Si wa mwingine. Na mimi nimekusamehe, tena kosa nimelibeba mimi. Basi nawe nibebee hili."

Bi Tang alipanda zile ngazi mia na ishirini akizihesabu kwa miguu, kwa sababu ghafla hakuyaamini macho yake hata kwenye ngazi.

*

Mchana ule hakula. Alifungua daftari la sumu, akaandika majina yote ya miezi minane, watu thelathini na saba, akawatumia ujumbe warudishe pakiti za fuzi zilizobaki kwa kuwa zimeingia unyevu. Ulikuwa uongo. Binti yake Wenxiu alitokea kwenye kioo cha ukutani kutoka mjini, kama afanyavyo kila Alhamisi, akauliza mama hajambo, macho yanaendeleaje. Bi Tang akamjibu kama wazazi wote wa Qingmuwan wanavyowajibu watoto walio mbali: huku kwema, mvua inatosha, mimi nakula vizuri. Habari mbaya haishuki mlima kwenda kumsumbua mtoto kazini. Walilelewa hivyo, na wao wakawalea watoto wao wasiulize mara mbili.

Kioo kilipozima akabaki amesimama pale pale. Akakaa. Akasimama. Akapanga droo ya magome iliyokuwa imeshapangwa. Saa tisa akavua aproni, akaenda ukumbini.

Mhesabu macho aliitwa Ouyang Jing, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nadhifu, kola imepigwa pasi, mwenye sauti ya kushukuru watu kabla hawajafanya kitu. Alikuwa amezunguka wilaya kwa wilaya na mashine yake ya kupigia picha nyuma ya jicho. Alimkumbuka Bi Tang. Alimpima juzi, akamwandika mzima, akamsifu kwa kusoma mistari yote mitano.

Bi Tang alimwambia hana macho, ana kiraka tu, na kiraka kinamdanganya mpaka akakosea kupima dawa. Akaomba kizimwe, ahesabiwe upya.

Bi Ouyang alimtazama kwa upole. Akachukua kijiti kama kalamu, akakigusisha kwenye paji la uso la Bi Tang, upande mmoja, kisha mwingine. Kikalia kama chiriku.

Na uso wa Bi Ouyang ukatoweka. Kola ilikuwepo. Masikio yalikuwepo, na hereni ndogo za kijani. Katikati palikuwa na ukungu wa rangi ya majivu, na sauti ikawa inatoka humo, ikiuliza anaona nini. Bi Tang alimwambia. Alikuwa amesahau shimo lilivyo kubwa.

Kijiti kikalia tena, uso ukarudi, na Bi Ouyang alikuwa anaandika. Bi Tang akauliza ameandika nini.

"Nimeandika mzima, shangazi."

Akamgeuzia fomu na kumsomea mstari kwa kidole: mwenye kiraka anayesoma mistari mitano ahesabiwe mzima. Hakuna kisanduku kingine. Alisema anaelewa, alisema anasikitika. Kisha, labda kwa kuwa alikuwa amechoka na Bi Tang alikuwa na uso wa mtu wa kusikiliza, akamweleza yaliyobaki. Zamani, kabla ya viraka, mtu mmoja katika kila wanane waliopita miaka hamsini, kwenye wilaya zile za milimani, alikutwa na shimo. Mwaka huu ni mmoja katika mia mbili. Na tiba ya kweli ipo: mbegu za nyama ya jicho, zinazopandwa mahali palipokufa, zikaota kwa mwaka mmoja na mtu akaona kwa jicho lake mwenyewe. Lakini kituo cha kupandia mbegu hujengwa tu mahali ambapo katika watu mia wamepatikana wagonjwa wanane. Kwa hesabu ya Qingmuwan, kituo kinakwenda pwani.

"Kwa hiyo sisi ni wazima," Bi Tang akasema, "mpaka tutakapouana."

Bi Ouyang alifunga kalamu yake. Alisema mtu mmoja aliyekosea kupima si hesabu, ni bahati mbaya.

*

Neno hilo lilimkaa Bi Tang kifuani kama mfupa wa samaki. Kesho yake alifungua duka mapema, akamwaga fuzi yote ndani ya kopo, akalifunga kwa kamba na kuandika imekwisha. Kisha akachukua mizani yake, akaining'iniza kwenye msumari juu ya meza, akatia vipande vya magome sahanini mpaka mkia ukasimama, na akaufunga ufito pale pale kwa uzi mweusi, umeinuka kiasi ambacho hata mlevi angekiona.

Mbele yake akaweka bakuli tupu, na pembeni mwa bakuli vikapu viwili: kunazi nyekundu zilizokaushwa, na mbegu nyeupe za yungiyungi.

Wazee walianza kuja, wengine na pakiti zao za unyevu, wengine kwa chai ya maua. Kila mmoja Bi Tang alimuuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, kama mizani imekaa sawa, maana macho yake yamechoka. Wengi walicheka. Mwalimu mstaafu mmoja alimwambia mizani yako imepanda mlima, Dada Tang, nenda kaishushe. Kwa huyo Bi Tang akatumbukiza mbegu nyeupe. Mama mmoja mshona viatu aliinama, akaitazama kwa makini, pua karibu iguse mfupa, akasema imelala vizuri mno. Kunazi. Dereva wa lori la mawe, kifua kama mlango: sawa kabisa, mama. Kunazi. Mpishi wa shule, sawa. Kunazi.

Kila kunazi ilipogonga bakuli, Bi Tang alihisi ameiba kitu. Hawa hawakuomba kuhesabiwa. Alikuwa anawavua siri zao huku wakimwulizia habari za binti yake. Alijiambia haandiki majina. Akajiambia tena. Halikumtuliza, kwa sababu majina alikuwa nayo kichwani, yote, na dereva wa lori alikuwa ameegesha nje na wajukuu wawili wamekaa mbele.

Peng alikuja saa nne, na habari kwamba Shulan amekula uji na ameanza kumtukana, kwa hiyo amepona. Alipoulizwa swali alitazama bakuli. Akatazama vikapu. Alikuwa mzee, hakuwa mjinga.

"Unatuhesabu."

"Siandiki jina la mtu."

"Mji huu una vinyozi wangapi, dada? Ukisema kinyozi mmoja, umesema jina. Kunihesabu bila kunipa habari ni kunivua suruali njiani. Heri ungenivua uso kwa uso."

"Basi nakuuliza uso kwa uso. Nikuhesabu?"

Peng alisimama, kofia mkononi. Nje mtu alikuwa anachanja kuni. Bi Tang aliona taya lake linatafuna bila chakula, au kiraka ndicho kilichoona hivyo, maana Peng siku zote hutafuna taya akiwa na hasira.

"Hapana," Peng akasema. "Bado. Usinihesabu."

Akatoka. Bi Tang alikuwa na kunazi tayari kwenye vidole. Ilikuwa kweli, ile kunazi, kweli kuliko zote, na hakuna ambaye angemwona akiiangusha. Akairudisha kikapuni. Baada ya hapo kila aliyeingia alimwambia kwanza: ninahesabu macho yetu, bila majina, ukitaka jibu, usipotaka chukua chai yako uende. Wachache walikwenda. Mmoja alitema mate mlangoni. Waliobaki walijibu, na mpishi wa shule alirudi mwenyewe, akiwa ameshapata fununu, akauliza ile aliyotumbukiziwa ilikuwa rangi gani. Alipoambiwa alikaa kwenye benchi, akaomba maji, na kabla ya kuondoka akasema iache humo humo.

Mpaka alasiri walikuwa wamejibu watu themanini na wanne. Kunazi zilikuwa kumi na mbili. Mmoja katika saba.

*

Bi Ouyang alipita dukani jioni jua likiwa bado ukutani, begi begani, hesabu imefungwa. Alitaka saini ya Bi Tang kama shahidi wa mtaa, na pia maua ya chai kwa safari. Bi Tang alimpimia maua kwenye mizani ya umeme, iliyomshukuru kwa sauti yake ya kike. Kisha akamsogezea bakuli, akamweleza kila kitu: uzi mweusi, swali, watu themanini na wanne. Hakumtajia jina hata moja.

Bi Ouyang alisikiliza mpaka mwisho, kama desturi yake. Alisema ni kazi nzuri kwa mtu asiyesomea. Lakini hajaelewa jambo moja, na hapo akaishika meza kwa mikono miwili na kuikaribia mizani.

"Ulifunga mizani ipi, shangazi? Maana hii imelala sawa."

Bi Tang alimtazama yule mwanamke nadhifu, na kwa mara ya kwanza tangu jana hofu yake haikuwa yake peke yake.

"Tazama mlangoni, mwanangu," alisema polepole. "Usiitazame mizani. Tazama mlango, unieleze mizani iko vipi."

Bi Ouyang aligeuza uso mlangoni. Tabasamu la adabu lilibaki mdomoni kwa muda, kama taa iliyosahauliwa mchana. Kisha likaondoka. Akarudisha macho mezani, akayapeleka mlangoni, akayarudisha, kama Bi Tang alivyofanya na chafya yake.

Akasema, kwa sauti iliyopungua, kwamba wahesabu wote waliwekewa walipotimiza hamsini, ili wasome maandishi madogo bila kuchoka. Hawakuulizwa kama wana shimo. Yeye alidhani anasaidiwa tu.

"Na zile picha za nyuma ya macho," Bi Tang akauliza, "nani anazisoma? Mashine?"

"Mashine haishtakiwi," Bi Ouyang akajibu, maana ndilo jibu la sheria. "Lazima asome mtu."

"Mtu nani?"

Bi Ouyang alikuwa amesoma picha za wilaya kumi na tisa. Wengi wa watu ni wazima, picha nyingi ni safi, na jicho lililokwisha kuona picha safi elfu hamsini linajua picha safi ilivyo. Aliketi kwenye benchi la wateja, begi limemwangukia miguuni, na fomu za Qingmuwan zikatoka nusu.

"Mimi," alisema.

Bi Tang alizunguka meza, akaketi kando yake. Aliokota fomu, akaziweka sawa magotini mwa mwenzake. Bi Ouyang aliuliza, baada ya muda, wilaya kumi na tisa mtu anaanzia wapi.

"Anaanza na wewe," Bi Tang akasema. "Kisha mimi. Wengine tutawauliza uso kwa uso."

Bi Ouyang alichukua fomu tupu, akaigeuza upande wa nyuma usio na visanduku. Akafungua kalamu. Aliweka ncha juu ya karatasi, kisha akaigeuzia shingo, akauelekeza uso wake mlangoni, kuelekea barabara na jua na watu wanaopita, na kwa pembe ya jicho, taratibu, kama mtoto anayejifunza herufi, akaanza kuandika jina lake.